Tembea Uone, Ila Mke wa Mtu

Jumatano, 2 Juni 1976

Nimeshinda! Nimeshinda! Mwandiko nisamehewe, naandika nimesimama.

Bahasha ilikuwa posta tangu Jumatatu. Tangu Jumatatu! Karani wa posta anasema aliona stempu za nje akadhani ni ya mapadri. Kwani sisi wengine hatuandikiwi? Jina langu liko pale, kubwa, kwa taipureta: Mwalimu Paskazia, Kahama.

Ni kile chama cha Ulaya cha walimu wa jiografia, wenye lile jarida ninalolisoma. Walitaka insha juu ya mji unaoufundisha na hujawahi kuuona. Mimi nikaandika Quito. Walioandika ni zaidi ya mia nne, waliochaguliwa ni watatu, na mmoja ni mimi! Zawadi ni tiketi ya ndege, kwenda na kurudi, na siku nne katika mji huo huo. Mwisho wa Julai, katika likizo. Hoteli juu yao, chakula juu yao. Mimi natakiwa karatasi za ruhusa tu, ziwe zimefika Dar es Salaam ifikapo tarehe 30 mwezi huu. Zikichelewa nafasi anapewa mtu wa nne.

Miaka kumi na minne nachora milima ya Andes ubaoni. Ecuador, mji mkuu Quito, semeni nyote: Kito. Ikweta iko pale pale, na asubuhi watu wanavaa sweta! Watoto wanacheka, hawaamini. Mimi mwenyewe siamini sana. Nimefika Tabora, nimefika Mwanza, basi.

Na kuna lile kanisa. Ndani limepakwa dhahabu kuanzia kuta mpaka dari, picha yake ilitoka katika jarida. Baba alichimba pale Geita miaka kumi na tisa, hadi mgodi ukafungwa. Alikuwa akisema, dhahabu nimeitoa sana, lakini sijaiona ikiwa kitu. Aliona mawe, aliona vumbi, aliona sanduku likipakiwa. Akafa hivyo. Sasa mimi nitaiona ikiwa kitu. Nitaitazama kwa ajili yake, hata kama ni kwa saa moja.

Nimemwandikia mume wangu Damian leo leo. Kesho barua itapanda gari la Isaka, aliko kwenye kazi yake ya reli.

Ijumaa, 4 Juni

Mwalimu Mkuu. Nianzie wapi?

Nilimpelekea barua kwa heshima zote. Mwalimu Herman akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Kisha akasema hongera kwa shule. Kwa shule! Eti zawadi kama hii ni ya wote, kwa hiyo kamati itakaa na kuchagua mwakilishi. Nikauliza mwakilishi wa nini. Akasema safari ndefu inataka mtu aliyezoea safari. Yeye aliwahi kufika Nairobi.

Nikamwonyesha jina langu kwa kidole, kama ninavyowaonyesha darasa la pili. Pa-ska-zi-a. Akasema usikasirike, Mama Klara, tunajadiliana tu. Tunajadiliana! Insha niliandika peke yangu, na kibatari changu, na mafuta ya taa yangu.

Na wenzangu nao! Mmoja anauliza kwa nini sikuandika juu ya Dar es Salaam, ningekuwa nimeshafika na kurudi. Mwingine anasema ikweta si ipo hapo Uganda, kuna haja gani kuvuka bahari kuitafuta? Wa tatu kasikia "Kito" akadhani ni kito cha Maganzo — almasi! Mpaka saa nane mchana habari zilikuwa sokoni: mwalimu ana almasi, anaivusha. Muuza nyanya aliutazama mkoba wangu kuliko alivyonitazama mimi. Mji huu ukipiga chafya asubuhi, jioni wanaleta rambirambi.

Sijali. Nimeanza mpango. Siku ya kwanza: kufika na kupumua. Mji uko juu sana, hewa ni nyepesi, mgeni akipanda ngazi kumi anakaa chini. Siku ya pili: kanisa la dhahabu, asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa. Siku ya tatu: mnara wa ikweta, mguu mmoja kaskazini, mmoja kusini. Siku ya nne sijui. Labda soko. Nataka kuona wanawake wa kule wanauza nini na wanamfokea nani.

Jumatatu, 7 Juni

Leo nimetukanwa na fomu.

Nilikwenda kwenye ile ofisi yenye mlango wa bluu, wanakotoa barua za safari. Karani ni Marselino. Nilimfundisha mwenyewe darasa la nne! Akanipa kiti, shikamoo mwalimu, marahaba, vizuri kabisa. Nikajaza. Jina. Kabila. Kazi. Sababu ya safari. Nikaandika: Kutembea.

Marselino akasoma. Akanitazama. Akasoma tena, mabega yakaanza kumcheza. Akaichukua fomu ndani kwa Bwana Mkubwa wake na mlango akauacha wazi, nikasikia kicheko cha watu watatu. Watatu! Sijui wa tatu alikuwa nani.

Bwana Mkubwa akatoka. Akasema, mama, wewe si mke wa mtu? Nikasema ndiyo. Akasema, sasa mke wa mtu anaandika serikalini, kwa wino, kwamba anakwenda kutembea? Mumewe akiulizwa ajibu nini? Mke wangu ametembea?

Uso uliniwaka. Nikamwambia kutembea ni kuona nchi, ni kuona watu. Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea uone ila kama ni mke wa mtu! Akasema wahenga hawakujaza fomu. Sababu zinazokubalika ni nne: masomo, matibabu, kazi, msiba. Andika masomo, mama, twende nyumbani.

Lakini siendi masomoni! Siumwi! Sijafiwa Ecuador! Nakwenda kuangalia. Ni kosa? Wazungu wanakuja hapa kuangalia twiga na hakuna anayewaambia wasingizie msiba. Nimekataa kuandika uongo.

Na chini kabisa: Sahihi ya mume au mlezi. Mlezi! Nina miaka thelathini na minane. Nimelea watoto wa mji huu mzima, akiwemo huyo anayenicheka. Leo natafutiwa mlezi.

Alhamisi, 10 Juni

Barua imetoka Isaka. Nikaifungua kwa pupa, hata jiko nililiacha. Ni barua yangu. Barua YANGU, ile ile niliyomwandikia, imerudishwa imesahihishwa kwa penseli nyekundu!

"Nilivofurahi" kaweka y. "Ntaona" kaweka i. Penye alama tatu za mshangao kafuta mbili. Chini kaandika: Insha safi. Haraka imekuponza. Nitakuja tuongee, pamba imejaa stesheni.

Hongera iko wapi? Nimeigeuza karatasi upande wa pili nikidhani iko huko.

Damian ni hivyo tangu zamani. Alikaa seminari miaka mitano, upadri ukamshinda, sarufi ikabaki. Hawezi kupita penye kosa. Duka lililoandika "mchere" aliingia mpaka kaunta kumwambia mwenye duka. Nyaraka za stesheni ya Isaka nadhani ndizo safi kuliko zote za reli. Hata cheti chetu cha ndoa kina wekundu wake. Waliandika Paskasia. Akamsimamisha Padri, watu wamejaa kanisani, pete bado iko kwenye kisahani, akasema huyu mwanamke jina lake lina z. Akasahihisha mwenyewe na kutia herufi zake pembeni.

Siku ile nilimpenda kwa hilo. Sikuwahi kuona mtu anasimamisha misa kwa sababu ya herufi yangu.

Jumapili, 13 Juni

Hakuja. Hii ni Jumapili ya tatu.

Baada ya misa wifi yangu Febronia alinishika mkono nje ya kanisa. Yeye ni dada mkubwa wa Damian, na akikushika mkono ujue si wa salamu. Akasema, ukienda huko, mdogo wangu ataangaliwa na nani? Nikamwambia, kwani sasa anaangaliwa na nani? Yuko Isaka, mimi niko hapa, analala nyumba ya reli. Siku nne zangu zitampunguzia nini?

Sikungoja jibu, ulimi wangu haujui kufunga. Nikasema mwezi uliopita alikuja na shati kola imetiwa wanga, imesimama. Mimi sitii wanga. Nilipouliza alisema dobi. Isaka kuna dobi lini, wifi?

Febronia akaniachia mkono. Akasema, wifi, mwanamume kutembea si ajabu.

Nimerudi nyumbani nalo. Neno ni lile lile! Akitembea yeye si ajabu, nikitembea mimi ofisi nzima inacheka. Nimepika ugali ukaungua. Nimeula hivyo hivyo kwa hasira.

Siku ya nne nimeamua: si soko. Kuna kilima katikati ya mji, jina lake kwa lugha yao maana yake mkate mdogo. Nitapanda kilima hicho. Nitakaa juu ya mkate wao niutazame mji wote, na hakuna atakayeniuliza mimi ni mke wa nani.

Jumanne, 15 Juni

Nimelipata neno! Redio imenipa. Walikuwa wakisema watalii wa Serengeti, watalii wa Ngorongoro, nikaruka kitini. Kutalii! Neno safi, halijalala na mtu.

Nikarudi mlango wa bluu. Bwana Mkubwa akasema mtalii ni Mzungu. Nikamwambia kamusi haina rangi. Akasema watalii wanakuja, hawatoki. Nikamwambia huwezi kuja bila kutoka, kila mtalii ana kwao. Akafikiri. Nadhani alikuwa na njaa, ilikuwa karibu saa saba. Akasema, haya, Marselino, mpigie mama barua yake.

Marselino akauliza, kutalii ndiyo nini, mwalimu? Nikamweleza: kwenda kuona mahali kwa ajili ya kuona tu. Akasema aa, kama mnadani usiponunua. Nikasema ndiyo, kama mnadani usiponunua. Akaanza kupiga taipureta kwa vidole viwili, ulimi nje. Herufi moja, anatafuta. Nyingine, anatafuta. Mtu alimwita dirishani, wakaongea habari za mpira, akarudi, akaendelea.

Nikasema nipe niisome. Hapana! Barua ya kuomba idhini ya mume huenda kwa mume, imefungwa, kwa posta ya ofisi. Mke haisomi. Yaani safari yangu, jina langu, mimi ndiye niliyetaja kila neno — na siruhusiwi kuiona! Marselino anasema ni utaratibu, mwalimu. Mume ataisoma, asaini, airudishe au aipeleke mwenyewe Dar. Na neno lolote likikatwa au kusahihishwa katika barua, halina nguvu mpaka mume atie sahihi yake pembeni. Akapaka gundi mbele ya macho yangu, akagonga muhuri mara mbili.

Vyovyote. Imeondoka. Damian anaweza kunicheka lakini hajawahi kuninyima. Atasaini.

Jumamosi, 19 Juni

Gari la Isaka limeshusha abiria kumi na mmoja. Nimesimama pale nikiwatazama mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mbuzi.

Pamba gani hii isiyolala Jumamosi?

Jumatatu, 21 Juni

Sijui mji huu umepatwa na nini.

Saa kumi jioni nimerudi kutoka shule, nakuta wazee watatu mlangoni kwangu wamekaa kwenye viti vyangu. Mzee Jilala, balozi wetu wa nyumba kumi, na wawili wa baraza. Mwangaluka mayu, akaanza, yaani umeamkaje mama, kisha akakumbuka ni jioni akacheka mwenyewe. Nikawasalimia, nikatia maji ya chai.

Mzee Jilala akakohoa. Akasema, Mama Klara, nyumba ni kuvumiliana. Nikasema ni kweli. Akasema, tumesikia hilo jambo lako la Kito. Nikajua, haya, kumekucha! Hata wao wamekuja kunizuia! Nikasema kwa adabu kwamba nimeshaamua.

Wakatazamana. Akauliza, umeamua kabisa? Nikasema kabisa, barua iko kwa Baba Klara, akisaini tu nakwenda. Mwingine akauliza, na kwa nini mbali hivyo, mama, hapa petu hapafai? Nikasema hapa petu nimepaona miaka yote. Akasema, mayu! Akauliza itachukua muda gani. Nikasema siku nne zinatosha. Siku ya kwanza napumzika, ya pili kanisani.

Kanisani! Mzee Jilala aliinuka kitini. Kanisa limekubali? Nikasema kanisa lile liko wazi kwa kila mtu.

Mzee wa tatu akaniuliza pole pole kama Damian ananipiga. Nikasema hajanigusa hata siku moja, ana maana gani? Akasema basi ni nini, mama, ni nini? Nikasema, nataka kuona! Nataka kuona mambo mengine kabla sijafa, ni dhambi?

Wameondoka bila kunywa chai. Vikombe vitatu vimebaki mezani vimejaa. Watu wazima kabisa wananiuliza kama napigwa, kisa siku nne za likizo yangu mwenyewe!

Jumanne, 22 Juni

Nitamwua Marselino. Mungu anisamehe. Nitamkalisha darasa la nne tena, mbele kabisa, na kofia ya mjinga kichwani.

Febronia alikuja alfajiri, hajafunga hata kilemba, analia. Wifi, umetuaibisha ukoo mzima, ndoa ya kanisani haina talaka! Nikasema talaka gani? Akasema Marselino amemsomea mkewe nakala ya barua yako, na mkewe amemsomea kila mtu. Imeandikwa: Mwombaji anakwenda Kito, siku nne, KUTALIKI.

Kutaliki!

Nilikaa chini. Kwanza nilicheka, nikacheka mpaka Febronia akaacha kulia akaogopa. Siku nne kutaliki! Ndiyo maana wazee walishtuka. Siku ya kwanza napumzika, ya pili kanisani — Mama yangu! Halafu kicheko kikaisha, nikafunga kanga nikaenda mlango wa bluu.

Marselino akasema, mwalimu, kutalii sijawahi kuliona limeandikwa. Kutaliki nimeliona mara nyingi, kila wiki napiga mawili matatu. Vidole vilikwenda vyenyewe. Na alipomaliza kupiga, akashangaa, lakini akasema moyoni mambo ya wakubwa hayamhusu. Amepiga pia "mwarimu" na "kusafili", nimeona kwenye nakala. Huyu alifundishwa Kiswahili na nani? Na mimi. Nilimpa alama sabini.

Nikasema piga nyingine sasa hivi. Hakuna utepe wa taipureta! Umekwisha Ijumaa, mwingine utatoka Shinyanga, labda wiki ijayo, labda ile nyingine. Wiki ijayo ndiyo tarehe 30! Bwana Mkubwa akasema, usihangaike, mama, mumeo atakataa, barua itarudi, tutarekebisha. Akatabasamu. Nilitamani kumpiga kwa mkoba.

Hajui mume wangu ni nani. Damian hawezi kupita penye kosa. Nikikaa nikafikiri, sina wasiwasi hata kidogo. Lile neno ameshalizungushia duara la penseli, ile K ya pili ameshaikata, herufi zake ameshazitia pembeni. Karatasi iko safi sasa hivi. Kitakachonipata ni kuchekwa mpaka Krismasi. Atamsimulia binti yetu Klara akija likizo kutoka Tabora, atawasimulia wajukuu.

Lakini kesho kutwa nakwenda mwenyewe Isaka kuichukua. Posta siiamini tena, wala mtu yeyote mwenye muhuri.

Alhamisi, 24 Juni. Isaka, stesheni

Naandika hapa kwenye benchi. Naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine na mikono.

Nilifika saa sita na gari la pamba, vumbi mpaka kwenye kope. Njia nzima nilikuwa nimeandaa kicheko. Nilipanga niingie niseme, Bwana, nimekuja kukutaliki, nina siku nne tu. Nilijaribu hivi na vile mpaka dereva akanitazama.

Damian alikuwa mezani kwake. Hakushtuka. Akasema karibu Mama Klara, za nyumbani, za shule. Nzuri. Akaagiza chai dirishani, hakutaja jina, alisema tu chai. Ikaletwa na mama mmoja wa makamo, kanga safi, mwenye adabu. Hakuniangalia. Vikombe viwili. Changu kimekuja na bakuli la sukari. Cha Damian kimeshakorogwa.

Kitambaa cha sinia kimetiwa wanga. Kimesimama pembe zote nne.

Kicheko changu sikukitoa.

Nikamwambia nimefuata ile karatasi ya safari. Akafungua mtoto wa meza. Ilikuwa juu, haikufichwa. Akanipa. Akarudi kwenye daftari lake la mabehewa.

Nimeisoma hapa nje, mara nne sasa. "Mwarimu" kaikata r, kaweka l kwa penseli nyekundu, na herufi zake pembeni, D.K. "Kusafili" kaikata l, kaweka r, D.K. Penye koma iliyokosekana kaweka koma. Kwa koma nayo katia D.K.!

KUTALIKI iko pale katikati. Safi. Hakuna duara, hakuna mstari, penseli haijaigusa. Kwenye mstari wa mwisho, kwa wino, mwandiko wake ule mzuri wa seminari: Sina pingamizi.

Nilirudi dirishani. Nikamwuliza, umeisoma? Akasema nimeisoma. Yote? Akasema mara mbili. Hakuinua uso. Nikasimama pale mpaka akasema, nimeshasaini, Mama Klara, ulitaka nini tena?

Nilitaka nini tena! Baba huyu, aliyesimamisha misa kwa z moja! Koma ameiona. Koma!

Wote walinikatalia. Mwalimu Mkuu, wale wa mlango wa bluu, wazee, wifi. Mtu mmoja tu katika nchi nzima ameniruhusu niende, na ndiye huyu. Wala hata sijui ameniruhusu kwenda wapi. Na sahihi iko hapa, muhuri uko hapa. Ikipanda treni ya leo itafika Dar kabla ya tarehe 30. Dar hawanijui, wataona sahihi na muhuri, lile neno watadhani ni kosa la karani. Julai niko kwenye ndege. Siku ya pili kanisa la dhahabu. Nitasimama pale na baba yangu moyoni, na karatasi hii katika faili la serikali milele, Sina pingamizi.

Nikiikata K mwenyewe haina nguvu. Lazima aikate yeye.

Ningeweza kumwambia, Marselino amekosea. Maneno matatu hayafiki. Lakini kama hakujua ni kosa, alisaini nini? Na kama alijua ni kosa, kwa nini aliliacha? Nimegeuza maswali haya kama nilivyoigeuza ile barua yangu, yote yanarudi na wekundu.

Saa tisa na nusu. Kengele imegongwa, moshi unaonekana upande wa Shinyanga. Yule mama wa chai amechukua sinia, amepita nyuma yangu bila kunitazama. Damian ametoka na mfuko wa posta. Penseli nyekundu iko sikioni. Karatasi nimeitandaza hapa magotini, neno lile limeelekea juu, upande wake. Simwambii kitu. Ana macho, ana penseli, na mimi nina herufi moja tu ya kuombea.

Amefika. Ameangalia karatasi. Ameangalia treni.

Ameufungua mfuko mbele yangu, anasubiri niitumbukize.